Kioo Kilichobishiwa Hodi kwa Madafu

Wa kwanza ni kontrakta. Naanza na yeye kwa sababu kila nikisimulia habari hii watu hunikatiza: "Bi mkubwa, wewe una chuki na meneja." Chuki ninayo, sikatai, lakini ni pana, kila mmoja ana kiti chake ndani yake. Kiti cha mbele ni cha kontrakta.

Mimi sikusoma. Niliachia darasa la nne kwetu upande wa Vitengeni, mama alipougua na mbuzi wakataka mtu wa kuwachunga. Kwa hiyo haya nitakayosema juu ya vioo, mengine nimeyasikia kwa wanaojua, na mengine nimeyasoma kwa ngozi yangu.

Hoteli yenyewe iko kando ya bahari, kupita Mambrui. Sisi wanawake wa usafi tulichukuliwa mapema, kabla haijafunguliwa, tufagie vumbi la mafundi. Nilikuwapo siku vioo vya ukumbi wa kulia vinawekwa. Vililetwa kwa lori kutoka Mombasa, vimefungwa kwa mbao na magunia kama maiti za watu warefu. Vilikuwa vitatu. Vikisimama bega kwa bega vilifanya ukuta mmoja uliopinda, kama robo ya mtungi mkubwa, kutoka sakafuni mpaka darini. Mgongo wake uliangalia bustani na bahari. Ndani, pale palipobonyea, ndipo palipopangwa meza.

Kingo za vioo hivyo zilitakiwa zikalie mpira. Mpira haukuja. Nilikuwa na ufagio mkononi nikamsikia fundi mmoja akiuliza, "Mzee, tungoje mpira?"

Kontrakta akamjibu, "Mpira nenda kacheze na watoto. Shindilia saruji, tumalize."

Mafundi wakacheka, nasi tukacheka. Mkubwa akifanya mzaha unacheka, hata kama huoni cha kuchekesha. Saruji ikashindiliwa.

Siku chache kabla ya kufungua wakamleta mkwezi aangue nazi za bustanini zisije zikawaangukia wageni vichwani. Nazi moja ikadunda kwenye jiwe la njia, ikaruka, ikaenda kukipiga kioo cha kati mgongoni. Sote tuliziba masikio. Kioo kikalia duum, kama ngoma iliyolegea, nazi ikarudi nyuma ikabiringika kwenye nyasi. Kioo kizima. Hata alama.

Meneja alitoka mbio, akakipapasa, akakigonga kwa vidole, akaanza kucheka. Kontrakta naye akafika, mikono mfukoni.

"Nilikwambia nini, bosi? Kitu kilichopinda hakivunjiki. Hata ukipige teke."

Pale ndipo alipokuwa na nafasi ya kusema. Angesema, bosi, hiki ni kioo cha kawaida kilichopashwa moto kikapindwa, si kile kigumu ulichoelezwa, na kingo hazina mpira. Maneno machache tu. Badala yake akachukua ile nazi akairusha yeye mwenyewe, kuonyesha. Duum. Meneja akapiga makofi.

Wa pili sasa ndiye huyo meneja. Ni mtu wa bara, lakini simsemi kwa ubara wake. Kontrakta ni mtu wa hapa hapa pwani, babu zake wamezikwa hapa, na bado namweka mbele yake. Meneja alikuwa kijana nadhifu, ulimi wa asali, anakumbuka jina la kila mgeni na hakumbuki la hata mmoja wetu. Akabuni mchezo. Mgeni akifika hupewa dafu anywe bustanini. Akimaliza, husimama kwenye nyasi na lile dafu tupu mkononi, anapiga kelele "Hodi!" na kulirusha kwenye kioo. Duum. Na sisi kule ndani, tumepangwa mstari na vitambaa mkononi, tuitikie kwa pamoja: "Karibuuu!"

Wageni walipenda mno. Walipigana picha, wakarekodi video, hoteli ikaziweka kwenye ukurasa wake. Kuna mzee mmoja Mzungu alirusha kwa nguvu hata bega likateguka, akapelekwa kukandwa huku anacheka.

Hodi kwetu ni heshima. Unasimama mbali na mlango, unabisha, ukikosa jibu unakwenda zako. Huyu bwana aliichukua hodi akaifanya ngumi.

Katika ule mstari wetu nilisimama na shoga yangu. Alikuwa mtu wa Takaungu, amenizidi umri kidogo, mwanamke mwembamba mwenye ulimi kama wembe na Kiswahili ambacho mimi Mgiriama nilikuwa nakifuata nyuma kwa mbio. Mumewe wa pili alikuwa amekufa, ana binti mmoja aliyeolewa akaachika. Tulilala chumba kimoja cha wafanyakazi. Alinifundisha kupika mkate wa kumimina, nami nikamfundisha kutokuogopa popo. Wageni wakibisha "Hodi!" sote tunaitikia "Karibu!" na yeye, midomo haitikisiki, ananong'ona, "Hatupo."

Nilikuwa nakufa kwa kucheka. Siku moja meneja akanikamata.

"Wewe, unacheka nini?"

"Nafurahia wageni, bosi."

Chumbani shoga yangu alikuwa akivua viatu, akasema, "Kile kioo kinanikumbusha mume wangu wa kwanza."

"Kwa nini? Kirefu?"

"Alikuwa akinipiga, nami silii. Watu wakamsifu, ana mke mgumu huyu. Siku nilipoanguka kisimani ndipo wakashangaa."

Baadaye tukaanza kuona unga. Kila asubuhi, chini ya kioo cha kati, pembeni kinapoingia kwenye saruji, palikuwa na vumbi la kijivu lenye chembe zinazometameta. Tulilipangusa, kesho lipo tena. Kilichopigwa ni katikati, na katikati palikuwa safi kabisa. Unga ulitoka pembeni ambako hakuna dafu lililowahi kufika. Tulifikiri ni saruji mbaya. Shoga yangu ndiye aliyekwenda kumwambia meneja. Nilikuwa nyuma yake nimebeba ndoo.

"Bwana meneja, samahani. Kile kioo cha kati kinatoa unga."

"Mama, kile ni kioo, si muhogo."

"Njoo uone basi."

Alikuja akaona. Aliinama akagusa kwa kidole, akatazama kidole chake, akakipangusa kwa kitambaa cha mfukoni. "Fagieni kabla ya wageni kuamka," akasema. Basi. Hilo naomba lishikwe vizuri. Aliambiwa, akaletwa, akaona, akashika.

Ikaja harusi. Matajiri wa mjini walikodi hoteli nzima, na rafiki zake bwana harusi, vijana wenye misuli, wakaushika ule mchezo wa hodi kama mashindano. Hawakungoja madafu yanywewe. Walirusha mazima, yenye maji, mazito kama vichwa. Meneja alisimama kando akihesabu kwa sauti kama refa. Tulipokwenda kulala bado tunasikia duum, duum.

Asubuhi tuliingia ukumbini wawili. Jua lilikuwa limeshapanda, maua ya harusi yamenyauka juu ya meza, keki imekanyagwa sakafuni. Shoga yangu alichukua ule mti mrefu wenye ulimi wa mpira mbele, wa kupangusia kioo, akaanza juu kama kila siku. Mimi nilipiga magoti chini kufagia ule unga. Ulikuwa mwingi, nikajaza kiganja.

"Shoga," akaniambia, "kesho nakwenda zangu Takaungu. Nimechoka kuwaitikia watu wasioingia."

Nikasikia sauti ndogo, kama ukucha unaokatwa. Nikaona mstari umeanzia kwenye kona ya chini, karibu na mkono wangu, unapanda juu, hauna haraka. Shoga yangu alikuwa ameuweka ule ulimi wa mpira juu ya kioo na anaushusha taratibu. Hakugonga. Mpira unasugua, haugongi. Nilikuwa hapo, pua yangu iko kwenye kioo.

Akatazama juu. Akasema, "Ee."

Kuna kioo kikivunjika kinakuwa chembechembe kama chumvi ya mawe, hupati hata mkwaruzo wa maana. Kuna kingine kimeunganishwa mara mbili na utando kati. Kikipasuka hubaki kimening'inia kwenye ule utando wake kama yai lililopondeka na ganda lake. Chetu kilishuka mapanga. Vipande virefu, kutoka darini, na kwa kuwa ukuta ulikuwa umepinda kutuzunguka, vilituangukia ndani, pale palipobonyea, tulipo sisi. Mimi niliinua mkono. Ndiyo maana vidole vyangu viwili havikunji tena, na jicho la kushoto limezimika. Yeye alikuwa amesimama. Kilimwingia kati ya shingo na bega.

Meneja alikuja. Shoga yangu yuko chini, anafungua mdomo na kuufumba, mimi nimemshikilia pale panapotoka damu kwa mkono ambao nao unatoka damu, na neno la kwanza la meneja lilikuwa hili:

"Nani amekivunja?"

Askari wa getini ndiye aliyechana pazia akatufunga. Tulipakiwa kwenye gari la samaki. Kabla hatujafika daraja la Sabaki mwenzangu alikuwa ameshanyamaza. Alizikwa kwao siku ile ile, nami niko Malindi hospitalini nashonwa, sikumsindikiza.

Na pale pale hospitalini neno lilikuwa limeshanitangulia. Nesi ananibadilisha bandeji, ananiuliza kwa huruma kabisa, "Wewe ndiye mwenzake yule mama aliyevunja kioo?" Jamaa zangu waliokuja kuniona, vile vile. Mwenzio alipitiwa, ile fimbo ya kupangusia ikamponyoka. Mpishi aliyetumwa na hoteli kuniletea matunda naye akasema hivyo, macho kwenye kapu la matunda. Zile video za watu wakirusha madafu zilikuwa zimeshafutwa. Nikaelewa kinachofanyika. Mtu amekufa, na sasa anafanywa mkosaji wa kifo chake mwenyewe. Jina lake, alilolibeba safi kupita ndoa mbili na ufukara wote ule, litabaki Takaungu kama la mwanamke mzembe aliyejiua na kuharibu mali ya watu.

Nilipotoka nilikwenda hotelini kuchukua nguo zangu. Ukumbini nilimkuta fundi mgeni, mtu wa vioo kutoka Mombasa, anapima ile nafasi. Alinitazama uso, akatazama mkono, akavua kofia.

"Ni wewe, mama?"

"Ni mimi. Niambie wewe unayejua. Mwenzangu alikivunja?"

Aliangalia mlangoni kwanza. Kisha akanionyesha saruji iliyobaki kwenye reli ya chini, jinsi ilivyotafunwa.

"Kioo kilichopinda ni kama tao la mlango," akasema. "Ukikipiga mgongoni, hakilimezi lile pigo pale pale. Kinalisukuma pembeni, mpaka kwenye kingo. Kingo zikikalia mpira, zinapumua. Zikikalia saruji, zinalika. Kila pigo zinalika kidogo. Na wewe unatazama pale palipopigwa, unaona pasafi, unasema kizima."

"Na ule mpira wa kupangusia?"

"Kilikuwa kimeshakwisha, mama. Hata mlango ungebamizwa kingeshuka."

Nilikaa chini kwenye kiti cha wageni, mara yangu ya kwanza kukikalia. "Baba, njoo nami Takaungu kwenye arobaini yake. Useme hivyo hivyo mbele ya jamaa zake. Sitaki kingine."

Akakunja futi yake. "Mimi nimeitwa kuweka kioo. Nikienda kusema hayo, nani ataniita tena?"

"Na hiki utakachoweka, ni kile cha utando?"

"Wametaka kama kile kile. Cha utando kilichopinda kinangojewa muda mrefu, na msimu uko karibu."

"Mpira je?"

"Mpira nitaweka," akasema, kama mtu anayetoa sadaka. Huyo ndiye wa tatu. Alijua kila kitu na alikuwa mpole, na upole wake haukunifaa hata chembe.

Arobaini ikafika. Takaungu nilikwenda peke yangu, bandeji bado jichoni. Wanaume walikaa barazani, wanawake ndani, pazia katikati. Nilikaa karibu na pazia pamoja na binti wa marehemu. Hitima ikasomwa, mimi Mkristo nikaitikia amin kila walipoitikia. Ndipo gari la hoteli likasimama kwenye uchochoro. Meneja akashuka na kofia ya vito, ile ya kuendea msikitini, kichwani, haijamkaa, na nyuma yake magunia ya mchele na madebe ya mafuta. Mchele ukapitishwa moja kwa moja uani kwa wapishi. Akaomba kusema machache.

"Marehemu alikuwa mfanyakazi mzuri sana. Siku ile bahati mbaya fimbo ilimponyoka, akagonga kioo. Ni binadamu. Hasara ilikuwa kubwa, lakini napenda kuwaambia familia, hoteli haina kinyongo. Hoteli imemsamehe."

Imemsamehe! Nilisikia damu inapanda kwenye jicho nisilonalo.

"Na kuonyesha hilo," akaendelea, "binti yake tunamkaribisha achukue nafasi ya mama yake."

Wazee wakanong'ona mashaallah. Kaka wa marehemu, ndiye mkubwa wa nyumba, akaitikia kwa kichwa. Mimi nikainuka, nikafungua pazia, nikatoka kwa wanaume.

"Shikamooni wazee. Nilikuwa naye. Hakugonga kitu. Kioo kile kilipigwa na madafu miezi na miezi, huyu bwana ndiye aliyekuwa akiwapa wageni wapige. Kontrakta alikishindilia saruji bila mpira. Marehemu mwenyewe alimwambia huyu bwana kinatoa unga, akaja akaona, akatuambia tufagie. Sema bosi, uongo?"

Meneja akatabasamu kwa huzuni. "Mama huyu aliumia kichwa. Tunamwombea."

"Niliumia jicho. Kichwa kipo."

Mzee mmoja akasema, "Hapo pana neno." Lakini kaka mtu alikuwa ameshasimama.

"Dada, umekuja kwenye dua au kwenye kesi?"

"Kwenye dua nimeshasema amin."

"Basi maiti hasemwi."

"Mbona huyu kamsema?"

Mtu akakohoa. Kutoka uani likasikika sufuria likikokotwa jikoni, na kaka mtu akageuza uso kule, akasema kwa sauti ya chini, kama ananiomba, "Dada yangu, mchele ushaingia chunguni. Ungekuja jana." Kisha kwa wote: "Jamani, al-Fatiha."

Huyo ni wa nne, na ndiye ninayemwonea huruma. Lakini simtoi kwenye orodha.

Walikula. Mimi nilitoka nikakaa kwenye kizingiti cha nyumba ya jirani kungoja pikipiki. Binti akanifuata, amejifunga kanga ya mamake.

"Mama mdogo, ungenyamaza."

"Hukunisikia? Mamako hakukivunja."

"Najua hakukivunja. Mamangu alikuwa akishika hata sahani kama anashika yai. Nilijua tangu siku ya kwanza." Alikuwa akilia bila kupangusa. "Lakini nina watoto wawili na baba yao hayupo. Ile kazi akiniondolea kwa maneno yako, nitakwenda wapi?"

Nilikwenda kumsafishia mama yake jina, nikakuta mtu pekee aliyehitaji kusikia alikuwa anajua, na kujua kwake hakumlishi.

Meneja hakumwondolea. Binti akifanya kazi kwake ndiyo hadithi ya fimbo inasimama vizuri, nadhani aliliona hilo upesi kuliko mimi. Ameanza. Amepewa ukumbi ule ule. Mchezo wa madafu ulikatazwa kwa msimu mmoja. Sasa naambiwa umerudi, mara moja moja, kwa wageni wakubwa wakiuomba.

Binti mwenyewe alinipigia simu. Aliniuliza, sauti ndogo, "Mama mdogo, nikipangusa nisimame wapi?"

Nikamwambia asisimame ndani wageni wakiwa nje na madafu. Apanguse kwa kitambaa laini, asitumie mti. Atazame kona za chini kila asubuhi kabla ya kugusa kitu, na akiona unga atoke, asifagie, atoke, hata wakimfukuza. Akasema sawa. Nikamsikia anarudia pole pole, kona za chini, unga, kutoka, kama mtoto anayetumwa dukani.

Kwa hiyo nimeyasema haya sasa, kioo kikiwa bado kimesimama. Mpira uliwekwa, labda kitakaa miaka. Kikishuka, nawajua waliokiangusha tangu leo, na nimewataja. Msije mkamtafuta aliyekuwa ameshika kitambaa.